Mikono ya Maman Akonkwa

Nilipokuwa mtoto kule Kadutu, mtaa wa Bukavu, nilijua kukataa chakula kabla sijajua kusoma. Aliyenifundisha ni Koko, mama yake Papa, ambaye tuliishi naye. Mtu akikupa kikombe, alisema, mtazame mdomo. Akionja yeye kwanza, kipokee. Asipoonja, sema umeshiba, sema tumbo linakuuma, sema lolote, lakini usikiguse.

"Hata kama iko shangazi yako," aliniambia. "Karuho haiko na ndugu."

Karuho ni sumu, au ndivyo tunavyoamini Bukavu na katika vijiji vyote vinavyouzunguka mji. Haiui siku hiyo hiyo. Inaingia mwilini, inakaa, inamla mtu polepole. Anakohoa, anakonda, mpaka shati lake linamning'inia kama liko bado kwenye kamba ya kuanikia. Watu wazima walisema wenye karuho huificha chini ya ukucha. Kidole kikigusa pombe ya ndizi kidogo tu, basi. Na walisema jambo jingine, ambalo mimi nililiogopa zaidi ya yote: mwenye karuho hawezi kukaa nayo bure. Asipompa mtu wa nje, siku moja itamlazimisha ampe wa kwake.

Leo mimi ni mama wa watoto, na kazi yangu ni kukaa na watu waliojeruhiwa rohoni na kuwasikiliza. Siwezi kumcheka Koko. Alizika watoto kadhaa kabla ya kumzaa Papa, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza walikufa kwa nini. Aliyezika hivyo anahitaji kitu cha kukilaumu, la sivyo atajilaumu mwenyewe.

Jirani yetu aliitwa Maman Akonkwa. Nyumba zetu zilikuwa za mbao, zimebanana kwenye mteremko, na kati ya jikoni yake na chumba chetu cha kulala palikuwa na ukuta mmoja tu wa mbao zilizoachana. Tulimsikia akipiga chafya, naye alitusikia tukigombana. Alikuwa mtu wa Mumosho, ameletwa mjini na ndoa, akakaa miaka mingi bila kupata mtoto. Mimba ilipoanza kuonekana, mumewe alikuwa ameshakwenda machimboni. Shimo likamfunika huko kabla hajamwona mwanawe. Mtoto akazaliwa, akaitwa Akonkwa, na mama yake akambeba mgongoni hata pale ambapo angeweza kumlaza.

Aliishi kwa kukaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, akiwauza mbele ya mlango. Alikuwa na ukucha mmoja mrefu, wa kidole gumba, ambao alitumia kuwatoa matumbo kwa haraka ya ajabu. Watoto wa mtaa tulipenda kusimama kumtazama. "Kuya, Neema," alikuwa akiniita, na kunitilia samaki wawili watatu wa moto kiganjani. Alionja kwanza mmoja mbele yangu, akitafuna kwa makeke ili nicheke. Mtaa mzima ulikula kutoka mikono ile.

Siku ya ubatizo wa Akonkwa alitualika wote. Dada yangu mkubwa Nabintu, aliyekuwa msichana wa sekondari, mrefu, mwenye sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia, alikuwa amemsaidia kubeba viti tangu asubuhi. Maman Akonkwa akamjazia kikombe cha mutobe, maji ya ndizi ambayo bado hayajachacha, na alipotaka kukiinua mdomoni ili aonje, mtoto akalia. Akamgeukia mtoto, na kwa mkono mwingine akampa Nabintu kikombe. Nabintu alikuwa na kiu. Akanywa chote.

Niliona uso wa Koko. Tulipofika nyumbani alimwita Nabintu.

"Ulikunywa na yeye hakuonja."

"Koko, mutoto alikuwa analia."

"Nimekuambia mara ngapi? Sasa tungojee."

Hilo neno, tungojee, ndilo ninaloliona leo kuwa mwanzo wa kila kitu. Kabla ya siku ile, kikohozi kilikuwa kikohozi. Baada ya siku ile, nyumba nzima ilikuwa inatega sikio.

Msimu wa mvua ulipoanza Nabintu akaanza kukohoa. Kadutu nzima hukohoa wakati wa mvua: matope, moshi wa makala, baridi inayopanda kutoka ziwani. Lakini kikohozi chake hakikuondoka na mvua. Alianza kutoka jasho usingizini. Sketi ya shule ikahitaji pini. Koko alikaa karibu na kitanda chake, mikono mapajani, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuwa sahihi: "Niliwaambia."

Mama hakuwa mtu wa kuamini haraka. Yeye na Maman Akonkwa walikuwa marafiki wa kusukana nywele. Lakini Nabintu alikuwa mtoto wake, na hofu haina adabu. Nilimwona siku moja amesimama mlangoni, akimtazama rafiki yake akitumbua samaki kwa ule ukucha. Ukucha ule ulikuwa pale miaka yote. Sote tulikuwa tumeuona. Siku ile Mama aliuona kwa mara ya kwanza.

Kuanzia hapo hakuna alichofanya Maman Akonkwa kikawa kizuri. Alipokuja kumjulia hali mgonjwa, walisema amekuja kuangalia kazi yake imefika wapi. Alipoacha kuja, walisema dhamiri inamsuta. Alipolia, walisema machozi ya mulozi hayana chumvi. Aliposikia maneno juu ya ukucha wake akaukata, wanawake wakaulizana sababu pale bombani: "Kama haukuwa na kitu, ameukata juu ya nini?" Bidoni zao za maji walizisogeza mbali na yake. Sambaza zake zikapoa kwenye sinia, na jioni alizimwaga.

Kisha wakaanza kumuuliza.

Sitaki mtu anayesoma hapa afikiri walimpiga. Hakuna aliyemgusa. Mkuu wa mtaa alikuwa mzee mpole, na alikuja na watu wawili wa kikundi cha sala, wakaketi jikoni kwake, upande wa pili wa mbao zetu. Mimi nilikuwa kitandani pamoja na Nabintu, nikisikia kila neno.

"Maman, hatukuji kukuhukumu," mkuu wa mtaa alisema. "Tunataka mutoto apone. Utusaidie tu."

"Papa, miye sina kitu. Naapa kwa mutoto wangu."

"Pengine uko nayo na haujue," akasema mama mmoja wa kikundi cha sala, kwa sauti ya huruma kabisa. "Wengine banapewaka wakiwa wadogo. Koko yako wa Mumosho, hakukupaka kitu mu mikono? Hakukupa kitu unywe?"

"Hapana. Sijue. Nilikuwa mudogo sana."

"Basi kumbuka. Ukumbuke muzuri, tutarudi."

Wakarudi. Wakarudi tena. Kila mara swali lilikuwa lile lile, na kila mara waliondoka wakimwambia akumbuke vizuri. Usiku na mchana alikuwa peke yake na swali hilo, hana mteja, hana rafiki wa kumsuka, hana mtu wa kumwambia kwamba anamjua. Na mimi, mtoto niliyelala nyuma ya ukuta wa mbao, nilisikia jibu lake likibadilika jinsi mtu anavyosikia maji yakipanda kwenye ndoo. Kwanza alisema hakuna. Halafu akasema hajui. Halafu, siku moja, akasema pengine.

"Pengine kulikuwa kikombe," alisema. "Sikumbuke muzuri. Kikombe cha Koko."

"Ya rangi gani?" waliuliza.

"Nyekundu. Nafikiri ilikuwa nyekundu."

Waliporudi mara nyingine, kikombe kilikuwa chekundu bila shaka yoyote, kimebanduka rangi ukingoni. Baadaye bibi yake alikuwa amemshika kidole gumba akamkwaruza chini ya ukucha kwa mwiba. Baadaye tena kulikuwa na harufu, na wimbo ambao bibi aliuimba kwa Mashi, lugha ya kwao. Alilia alipokuwa akiueleza, na wale wa kikundi cha sala walilia naye, wakamshika mabega, wakamshukuru Mungu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, kulikuwa na watu waliomkumbatia.

Nabintu, kando yangu, alinong'ona: "Kumbe ilikuwa kweli." Na mimi niliamini. Nani asingeamini? Mtu mwenyewe alikuwa amekumbuka.

Walimpeleka Nabintu kwa mganga wa kutoa karuho. Alimnywesha majani machungu, akatapika mpaka macho yakawa mekundu, na mganga akatuonyesha kwenye beseni kitu cheusi, akasema ndicho. Na niseme ukweli: Nabintu alipata nafuu. Aliamka, akafagia uwanja, akaimba. Mama aliimba naye. Watu walikuja kutazama. Nabintu alikuwa ameambiwa kwamba kifo kimetoka ndani yake, na mwili wake ulifurahi kwa siku kadhaa, jinsi mwili unavyoweza kufurahi kwa habari tu.

Katika siku hizo hizo za furaha ndipo Maman Akonkwa alipomtoa mtoto wake.

Alikuwa ametuma ujumbe kwa dada yake huko Walungu. Dada akaja asubuhi, mwanamke mwenye haraka, akisema basi dogo halimngojei. Akonkwa alikuwa anaanza kutembea kwa kushika vitu. Sisi watoto tulisimama barabarani. Maman Akonkwa alitoka amefungafunga mikono yake ndani ya kikwembe chake, kitenge cha kujifunga, mpaka viwiko, kama mtu aliyeungua. Mtoto alipomwona akanyoosha mikono. Yeye hakunyoosha yake.

"Mubebe wewe," alimwambia dada yake. "Umufunge muzuri mugongoni."

"Hata kumuaga? Mugusie hata kichwa."

"Hapana. Iko juu yangu, na haina tena mutu wa kupewa. Itamutafuta yeye. Enda naye. Asikule tena kitu ya mikono yangu."

Dada yake aliondoka akishuka mteremko, na mtoto akilia kwa sauti ile ya watoto wanaodhani ni kosa dogo litakalorekebishwa. Maman Akonkwa alisimama pale mpaka sauti ikaisha. Hakuna mwanamke wa mtaa aliyemsogelea. Mama yangu alikuwa mlangoni, naye hakusogea.

Haukupita muda mrefu Nabintu akaanguka uwanjani, akakohoa damu. Papa alikuwa fundi wa kujenga, mtu wa maneno machache ambaye mambo haya yote alikuwa amewaachia wanawake na mama yake. Siku ile hakumuuliza mtu. Alimpandisha Nabintu mgongoni, msichana mzima, akashuka naye kwenye matope mpaka hospitali. Koko alimfuata akipiga kelele kwamba sindano na karuho vikikutana vinaua. Papa hakugeuka.

Ulikuwa kifua kikuu. Walipima makohozi, wakampa vidonge, wakatueleza kwamba asikose hata siku moja, na kwamba wengine nyumbani tupimwe. Alivimeza kwa miezi. Mkojo wake ukawa mwekundu, ikawa hofu mpya, wakatueleza kwamba ni dawa. Taratibu sketi ikaacha kuhitaji pini. Leo Nabintu ana watoto wakubwa kuliko alivyokuwa yeye siku ile ya ubatizo, na bado sauti yake iko juu ya sauti za wengine kanisani.

Watu wangefikiri hapo ndipo hadithi inakwisha vizuri. Mama pia alifikiri hivyo. Nabintu alipomaliza dawa, Mama alivaa kikwembe chake cha Jumapili, akanishika mkono, tukaingia kwa jirani. Hatukuwa tumekanyaga pale kwa muda mrefu. Hapakuwa na harufu ya samaki. Hapakuwa na moto. Maman Akonkwa alikuwa ameketi kwenye kigoda, amekonda kuliko Nabintu alivyowahi kukonda.

Mama alipiga magoti kwenye udongo.

"Maman Akonkwa, unisamehe. Ilikuwa ugonjwa. Munganga wa hospitali amesema, ilikuwa ugonjwa tu, ya kifua. Wewe haukufanya kitu. Nenda umurudishe mutoto."

Alimtazama Mama kwa upole, kama mtu anayemhurumia mtoto aliyedanganywa.

"Simama, ndugu yangu. Mungu amemuponyesha Nabintu, aksanti kwake. Lakini miye nilikumbuka."

"Ni sisi tulikusukuma!"

"Munaweza kunisukuma kusema. Kukumbuka, mutanisukuma namna gani? Ile kikombe naiona. Ile mwiba naisikia mu kidole, hata sasa hivi." Akainua kidole gumba, akakitazama, akakirudisha haraka ndani ya nguo.

Mama alirudi nyumbani akalala chini bila kuondoa viatu. Miezi michache baadaye Maman Akonkwa alihama, akarudi Mumosho kwenye shamba la kaka yake aliyekufa, karibu na mto Ruzizi. Tulisikia kwamba analima mtama na kuuza punje mbichi tu, na kwamba kwenye misiba hashiki sufuria.

Mimi nilisoma. Nilitaka kuwa mwalimu, nikaishia kusomea mambo ya akili na mwenendo wa watu, hapa hapa Bukavu. Siku moja profesa alieleza kuhusu kumbukumbu. Alisema hatuzihifadhi kama picha ndani ya sanduku. Kila tunapokumbuka tunajenga upya, na mtu akituuliza swali, vipande vya swali lake vinaingia kwenye jengo letu, nasi baadaye hatuwezi tena kuvitofautisha na mawe yetu wenyewe. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Niliisikia ile sauti ya huruma ikiuliza: ya rangi gani? Sisi tulidhani tunamuuliza. Kumbe tulikuwa tunamwambia.

Nikaenda Mumosho. Nilikuwa kijana, na nilikuwa na furaha ya kijana aliyepata ufunguo. Nilimkuta akipepeta mtama nje ya nyumba yake, mvi zimemjaa. Alinitambua kabla sijajitaja. Tuliketi kwenye jua, na nikamweleza kila kitu, kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza. Nilimwambia juu ya kikombe, jinsi kilivyokuja polepole, jinsi nilivyokisikia kikija kupitia mbao. Nilimwambia kwamba akili ya mtu mzima kabisa, iliyoachwa peke yake na swali moja, inaweza kutengeneza jibu ili swali liishe. Nilimwambia hakuna kitu mikononi mwake na hakijawahi kuwapo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza hata mara moja. Kisha alipitisha punje za mtama kati ya vidole.

"Neema, mutoto wangu, nimekusikia. Ile yenye unasema, pengine iko kweli. Nimeshaiwaza hata miye, asubuhi zingine." Akanitazama. "Lakini kama mikono yangu haikuwa na kitu, Akonkwa nilimutupa juu ya nini?"

Akazirudisha punje kwenye ungo.

"Kama ile sumu ilikuwa, niko mama mwenye aliponyesha mutoto wake. Nalala na ile. Naamuka na ile. Kama haikuwa, niko nini? Niambie, wewe mwenye ulisoma. Niko nini?"

"Maman..."

"Usininyang'anye ile kitu. Nakuomba."

Nilipanda pikipiki ya kurudi mjini nikilia mpaka dereva akaniuliza kama nimefiwa. Nilikuwa nimedhani imani ni giza, na kwamba ukileta taa linaondoka. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa amejenga humo nyumba yake ya pekee, na kwamba kuna kweli ambayo, ikichelewa sana, haimfungui tena mtu. Sikumwambia tena. Nilikwenda kumwona mara nyingi baadaye, tukazungumza juu ya mvua, mtama, na watoto wa Nabintu.

Alifariki mwaka uliopita. Tulimzika kwenye mteremko juu ya mto. Akonkwa alikuja kutoka Walungu, kijana mwenye mabega mapana, viatu vyake vizuri vimejaa udongo. Dada ya mama yake alikuwa amemlea vyema. Alisimama kaburini bila kulia, kama mtu aliyehudhuria mazishi ya jirani, na hilo lilionekana kumsumbua kuliko ambavyo machozi yangemsumbua. Watu walipotawanyika akanifuata, akaniita yaya, kama dada yake mkubwa.

"Yaya Neema, wanasema wewe ulikuwa unamujua. Ni nani alimuambia anitoe?"

Nilitafuta jina la kumpa. Mkuu wa mtaa hakusema amtoe. Koko hakusema. Mama yangu hakusema. Kila mmoja alikuwa amefanya kitu kidogo tu: ametega sikio, amesogeza bidoni, ameuliza swali. Nikamweleza yote, pamoja na sehemu ya nyumba yetu, bila kuficha. Alisikiliza akitazama mto. Nilipomaliza hakuuliza kuhusu karuho wala kifua kikuu.

"Alikuwa ananiita namna gani?" akauliza. "Wakati nilikuwa mudogo. Nyumbani, alikuwa ananiita nani?"

"Muzee wangu," nikamwambia. "Alikuwa anakuita Muzee wangu. Alikuwa anasema, Muzee wangu, umeamuka? Muzee wangu, tuende kazi."

Alilirudia taratibu, mara mbili, kama mtu anayejaribu koti. Kisha akageuka upande, na mabega yale mapana yakaanza kutikisika. Nikamwachia nafasi.

Tangu siku ile nimejaribu kulala nikiisikia ile sauti upande wa pili wa mbao, asubuhi, kabla ya mambo yote kuharibika. Ninaisikia vizuri kabisa. Lakini najua ninayoyajua kuhusu kumbukumbu, na sina hakika tena kama alimwita hivyo kweli, au kama ni mimi, nikiwa nimesimama pale mbele ya kijana asiye na kitu cha mama yake, niliyemjengea jina hilo. Sitamwambia. Nimesikia kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kiume, na kwamba anamwita Muzee wangu.